Oili ya Injini Ibadilishwe Lini: Hotuba kwa Wenye Magari na Madereva wa Nakuru

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama na akina dada, ndugu zangu madereva, mafundi mliofunga gereji ili mje kusikiliza, na ninyi vijana wa bodaboda mliosimama kule nyuma karibu na mlango, hamjamboni. Itifaki zote zimezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie swali moja tu: oili ya injini ibadilishwe kila baada ya muda gani? Tarakimu nitawapa mapema, ili asiye na nafasi ya kukaa hadi mwisho asiondoke mikono mitupu. Gari la petroli lisilo na tabo (turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), linalotumia oili ya kawaida isiyo ya sinthetiki, libadilishwe kila kilomita 5,000; likitumia oili ya nusu sinthetiki, kilomita 7,000 hivi zinatosha; na likitumia sinthetiki kamili ya kiwango alichotaja mtengenezaji, linaweza kufika 7,500, na kwa safari nyingi za barabara kuu hata 10,000. Gari lisilotembea sana lihesabiwe kwa kalenda, yaani miezi 6 kwa oili ya kawaida na isizidi mwaka 1 kwa sinthetiki, kwa kufuata lile litakalotangulia kati ya kilomita na muda. Hayo ndiyo maoni yangu kwa magari ya huku kwetu. Lakini tarakimu hizo zina masharti yake, na mtu akizibeba bila masharti ataharibu injini au atamwaga oili nzuri bure, na yote mawili nayaona kila mara.

Kwanza tuelewe ni kitu gani hasa kinachochakaa. Oili yenyewe haiishi upesi kama watu wanavyodhani. Kinachokwisha mapema ni dawa zilizochanganywa nayo kiwandani. Iko dawa ya kuosha masizi, iko ya kuyashika masizi hayo yaelee badala ya kutua chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kuganda, iko ya kuzuia vyuma visisagane pale ambapo utando wa oili umekuwa mwembamba mno, na iko akiba ya alkali ambayo kazi yake ni kuua asidi inayotokana na kuungua kwa petroli au dizeli. Kila safari hupunguza kidogo dawa hizo. Zikishakwisha, asidi huanza kula beringi, masizi hugeuka kuwa tope jeusi, na tope hilo huziba vijia vyembamba ambamo oili hupita kwenda juu kwenye kamushafti, ule mhimili unaofungua vali za injini. Kwa upande wa asidi tumepata nafuu, kwa maana kiwango cha salfa katika dizeli ya Afrika Mashariki kilishushwa hadi sehemu 50 kwa kila milioni kuanzia Januari 2015, na salfa ndiyo mama wa asidi iliyo kali zaidi. Mzee aliyejifunza udereva zamani, akazoea kumwaga oili ya lori mapema sana, hakuwa mjinga. Alikuwa akiendesha kwa dizeli ya wakati wake.

Naomba pia tuache kuhukumu oili kwa rangi. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi siku ileile ilipotiwa, kwa sababu injini hizo hutoa masizi mengi, na weusi huo unaonyesha kwamba dawa ya kuyashika inafanya kazi. Kwa upande mwingine, oili ya petroli inaweza kubaki na rangi ya asali huku akiba yake ya alkali ikiwa imekwisha. Wenye magari mengi makubwa hupeleka sampuli maabara ili wajue hali halisi. Sisi wenye gari moja moja hatuna haja ya kufika huko, ila tusijidanganye kwamba kidole na kitambaa vinaweza kupima asidi.

Sasa hii kilomita 5,000 ambayo kila fundi huiandika kwenye kadi na kuining'iniza ndani ya boneti inasimama juu ya nini? Huko Marekani watu walizoeshwa kwa miaka mingi kubadilisha kila maili 3,000, ambazo ni kama kilomita 4,800, na desturi hiyo inakaribiana sana na yetu. Ilikuwa na maana wakati ambapo oili ilikuwa duni na injini zilikuwa na mianya mikubwa kati ya vyuma. Watengenezaji wa leo wanasema mengine. Toyota, kwa magari yake ya petroli yasiyo na tabo yanayouzwa Japani, husema kilomita 15,000 au mwaka 1. Na papo hapo huongeza safu ya pili, ya gari lenye kazi ngumu, ambapo muda hukatwa katikati: kilomita 7,500 au miezi 6. Gari la petroli lenye tabo hupewa kilomita 5,000 tu, na kazi ikiwa ngumu, 2,500.

Tatizo ni kwamba gari letu lilifika Mombasa likiwa limeshatumika, na kitabu chake, kama bado kimo kwenye droo ya dashibodi, kimeandikwa kwa Kijapani. Mwenye gari husikia kwa jirani kwamba Wajapani hubadilisha kwa 15,000, naye hufuata, bila kujua kuna safu ya pili. Na kazi ngumu ni ipi kwa mujibu wa kitabu hicho? Ni barabara mbovu, kupanda na kushuka milima mara kwa mara, na safari fupi za kurudiwarudiwa zisizozidi kilomita 8. Ndugu zangu, hiyo ni Nakuru. Anayeishi Kiamunyi na kufanya kazi katikati ya mji, anayepeleka maziwa kutoka Njoro, anayevuta mzigo kutoka Salgaa kwenda Timboroa, wote wamo. Nami naongeza jambo ambalo kitabu hakikulihesabu, yaani oili ambayo mtu anainunua kwa kuangalia bei peke yake. Ndiyo maana kilomita 5,000 kwa oili ya kawaida siioni kuwa wizi wa fundi. Wizi ninaoujua mimi ni ule wa kuuziwa sinthetiki kamili kisha kuambiwa urudi baada ya kilomita 3,000. Na mafundi mnaocheka hapo mbele mnajua ninalosema.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wetu hupotoka. Mita ya kilomita haijui injini imefanya kazi kwa muda gani. Chukueni magari mawili yaliyotiwa oili ya aina moja siku moja. La kwanza ni la mfanyabiashara anayekwenda Eldoret na Nairobi, mwendo wake wa wastani ni kilomita 60 kwa saa. Atakapofikisha kilomita 5,000, injini yake itakuwa imenguruma kwa saa 83 hivi. La pili ni matatu ya kutoka stejini mjini kwenda Pipeline na kurudi, inayojaza abiria huku injini ikiwa imewashwa, inayosimama kila hatua, na wastani wake, tukiupa heshima, ni kilomita 20 kwa saa. Kilomita 5,000 zilezile kwake ni saa 250. Oili ya matatu hiyo imefanya kazi mara tatu zaidi, tena katika hali mbaya zaidi, kwa kuwa gari lililosimama halipati upepo wa kulipoza. Baadhi ya watengenezaji wa magari ya kazi huhesabu saa 1 ya kunguruma bila kwenda kuwa sawa na kilomita 40 za safari. Kwa hiyo mwenye matatu za mjini, hapa au kule Kondele Kisumu, asikubali kuongezewa kilomita kwa sababu tu dukani wamemwambia oili ni nzuri. Na mwenye gari la safari ndefu asione vibaya kupita 5,000 akiwa na oili inayostahili.

Jambo la pili linalotuhusu sisi hasa ni vumbi. Udongo wetu wa Bonde la Ufa una majivu ya volkano, na vumbi lake ni kali kwa sababu limejaa chembe ngumu za silika. Chembe hizo haziingii kwa kupitia oili; huingia kwa njia ya hewa, hupita kwenye filta ya hewa iliyochoka au iliyofungwa vibaya, huteremka kando ya ringi za pistoni, na kuingia kwenye oili, ambako huzunguka kote na kusaga kila zinachokigusa. Mtu anaweza kubadilisha oili kila mwezi na bado akaua injini kwa filta ya hewa ambayo fundi ameipuliza kwa kompresa mara nyingi hadi karatasi yake imetoboka. Wanaopita njia za Solai na Subukia wakati wa kiangazi, na wenzetu wa matrekta na malori ya miwa kule Muhoroni na Chemelil, waikague filta ya hewa kila oili inapomwagwa, na wakiiinua kwenye mwanga wa jua wakaona tundu hata dogo kama la sindano, waitupe.

Kupanda mlima nako si jambo dogo. Kutoka Kisumu, ambako ni mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, lori lenye shehena hupanda kupitia Kericho hadi Mau Summit penye zaidi ya mita 2,400. Injini hubaki kwa saa nyingi kwenye gia ya chini, oili ikichemka kwenye sampu, na joto ndilo linaloharakisha oili kuungana na hewa na kuwa nzito.

Upande wa pili wa mambo ni gari linalopumzika sana, la mwalimu au la mama anayeenda kanisani na sokoni. Mwenyewe huniambia kwamba gari limetembea kilomita 2,000 tu tangu mwaka juzi, kwa nini alipe? Lita 1 ya petroli ikiungua hutoa karibu lita 1 ya maji, katika hali ya mvuke. Sehemu kubwa hutokea kwenye ekzosi, lakini kiasi fulani hupenya kando ya ringi na kuingia ndani ya injini. Injini ikipata joto la kutosha kwa muda wa kutosha, maji hayo huchemka na kutoka. Safari ya dakika 10 asubuhi ya Julai, Molo au hapa Milimani, haifikishi joto hilo, hivyo maji hubaki, pamoja na petroli ambayo haikuungua, na vyote huharibu oili polepole hata gari likiwa limeegeshwa. Ukifungua kifuniko cha kutilia oili ukakuta utando wa rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko peke yake, mara nyingi ni unyevu wa safari fupi, na safari moja ndefu itausafisha. Ukiikuta rangi hiyo kwenye kijiti cha kupimia, usiwashe tena gari: maji ya rejeta yameingia kwenye oili, pengine gasketi ya silinda imeungua.

Kuhusu aina ya oili nitapita haraka, ingawa najua hapa ndipo penye ubishi. Mkebe wa oili una maandishi mawili ya kusoma. La kwanza ni uzito, kama 5W-30 au 20W-50: namba ya mbele yenye W inaeleza jinsi oili inavyotiririka kwenye baridi, na ya nyuma inaeleza unene wake injini ikiwa moto, kwa kipimo cha nyuzi 100 za selsiasi. Magari kama Probox na Vitz yenye injini ya 1NZ yalitengenezewa oili nyepesi, 5W-30 na ndugu zake. Imani ya kwamba joto la Kisumu linadai 20W-50 kwa kila gari haina msingi. Joto la ndani ya injini linatawaliwa na thamostati, kile kifaa kinachodhibiti maji ya kupoza injini, siyo na Ziwa. Oili nzito huchelewa kufika juu asubuhi, na ndipo kusagana kunapotokea. Ninamkubalia mwenye injini iliyochoka, inayokunywa oili na kutoa moshi wa buluu, apande daraja moja la uzito ili asogeze siku, mradi asidhani ameitibu.

Andishi la pili ni kiwango cha API, yaani Taasisi ya Petroli ya Marekani. Herufi S ni kwa petroli na C ni kwa dizeli, na herufi inayofuata ikiwa mbele zaidi katika alfabeti, kiwango ni kipya zaidi: SP ilianza mwaka 2020. Bado kuna mikebe ya bei nafuu madukani iliyoandikwa SF. API yenyewe husema SF haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988. Mnunuzi wa gari la 2017 anayetia SF amejipunguzia gharama leo, na hakuna idadi ya kilomita nitakayompa ambayo itamwokoa.

Vijana wa bodaboda sijawasahau. Injini yenu hubeba oili ya lita 1 hivi tu, huzunguka kwa kasi kuliko ya gari, hupozwa na upepo, na kwa pikipiki zenu nyingi oili hiyohiyo ndiyo inayolainisha gia na klachi. Kilomita 2,000 ni mwisho wenu, na anayebeba abiria wawili na gunia abadilishe kwa 1,500. Msitie oili ya magari ya petroli iliyopunguzwa msuguano, maana klachi itateleza. Tafuteni mkebe ulioandikwa JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili ya pikipiki zenye klachi inayoloana na oili.

Bwana Mwenyekiti, nikiambiwa nichague jambo moja la kusema leo na mengine niyaache, nisingechagua kilomita. Ningechagua kiwango cha oili kati ya badiliko moja na jingine. Injini ninazoona zimefunguliwa zikiwa zimekwama, nyingi zilikauka. Oili iliyochelewa kubadilishwa kwa kilomita 1,000 huumiza polepole, lakini oili iliyopungua huua kwa safari moja. Fanyeni hesabu pamoja nami. Injini ya 1NZ hubeba lita 3.7 pamoja na filta. Vitabu vingi vya magari husema kuwa matumizi ya hadi lita 1 kwa kila kilomita 1,000 bado yanavumilika. Chukua gari lenye miaka mingi linalokunywa nusu ya hapo. Baada ya kilomita 5,000 ambazo mwenyewe alizifuata kwa uaminifu mkubwa, lita 2.5 zimeungua na zimebaki lita 1.2. Kabla hajafika hapo, akikata kona ya mteremko wa Mau, oili itasogea upande mmoja wa sampu, pampu itavuta hewa, na beringi zitakimbia bila utando.

Na mwanzo wa tatizo lenyewe ni ile taa nyekundu. Wengi huamini kwamba oili ikipungua, taa itawaambia. Taa hiyo, katika magari mengi, inapima msukumo wa oili na haijui kiwango kilichomo. Itakapowaka, pampu tayari imekosa cha kuvuta. Taa hiyo ikiwaka barabarani, zimeni injini hapohapo pembeni, hata kama abiria wananung'unika na makanga anasema tumebakiza kidogo.

Kupima ni kazi ya dakika mbili. Egesha mahali tambarare, injini ikiwa haijawashwa asubuhi, au ikiwa imezimwa kwa dakika 5 ili oili iteremke. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kirudishe hadi mwisho, kichomoe tena na usome. Kati ya alama ya chini na ya juu, kwenye magari mengi madogo, ni kama lita 1. Fanya hivyo kila mara ya pili unapotia petroli, na uandike mahali. Ukijua gari lako linakunywa kiasi gani, utajua pia linapoanza kunywa zaidi. Wenye dizeli za kisasa zenye kichujio cha masizi waangalie kinyume: kiwango kikipanda badala ya kushuka, dizeli inachanganyika na oili, na hapo oili imwagwe bila kungoja kilomita.

Siku ya kumwaga, simama karibu na fundi wako. Fundi mwema haoni vibaya. Oili itolewe ikiwa na joto ili masizi yatoke nayo. Washa, yaani kipete cha kuzibia, ya nati ya sampu iwe mpya, na filta ibadilishwe kila mara, kwa sababu filta iliyojaa hufungua vali yake ya pembeni na kuruhusu oili ipite bila kuchujwa, na dereva hapati dalili yoyote. Kisha tazama mkebe. Oili huuzwa kwa galoni ya lita 4, injini inataka 3.7, na fundi mwenye haraka huimimina yote hadi tone la mwisho akidhani anakufanyia hisani. Oili ikizidi sana, kirenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, huipiga na kuifanya povu, na povu halilainishi. Kilichobaki ni chako. Nenda nacho nyumbani, ndicho cha kuongezea.

Mkebe mtupu nao utobolewe mbele yako, maana kifuniko na lebo nzuri vina wanunuzi, na oili iliyotumika ikichujwa na kurudishwa ndani ya mkebe halisi hakuna atakayeitambua kwa macho. Oili chafu isimwagwe kwenye mtaro. Maji ya mitaro ya mji huu huishia Ziwa Nakuru, ambalo halina mto wa kutokea, kwa hiyo kinachoingia humo hukaa humo. Gereji ziweke pipa lenye kifuniko na kuwaita wakusanyaji wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira; na chama hiki, kwa kuwa kina wanachama wenye gereji, kinaweza kukubaliana leo hii juu ya pipa moja la pamoja kwa kila mtaa wa jua kali.

Naona mikono imeinuka. Naomba tuanze na wenye magari ya tabo, kwa sababu kwao kilomita nilizotaja mwanzoni hazifanyi kazi, kisha tuje kwa yule mama wa Subaru aliyeleta kijiti chake ndani ya gazeti.